Mchora Mishumaa wa Pasiansi

"Andika hivi, dada: CLAVERY NA IMMACULATA. Herufi kubwa, rangi ya dhahabu, uzizungushie na maua."

Adventina alikuwa ameinamia meza, brashi mkononi. Alidhani amesikia vibaya.

"Clavery yupi?"

Mgeni akacheka. Alikuwa msichana mrefu, gauni la krimplini, viatu vya kisigino vilivyokwisha kujaa mchanga wa Pasiansi.

"Kwani Mwanza hii wako wangapi? Clavery Kahigwa. Mwalimu Kahigwa, mchoraji. Yule wa picha ya mshumaa ambayo mji mzima unaizungumzia. Ndiyo maana nikasema mishumaa ya harusi itengenezwe na watu wanaojua. Siwezi kuolewa na mtu wa mishumaa halafu altareni tukawashe vile vya dukani."

"Harusi ni lini?"

"Wiki mbili baada ya Saba Saba. Akishashinda mashindano ya uchoraji siku hiyo anapata nafasi ya masomo Bulgaria, na mimi naondoka naye."

Msichana akavuta kigoda akaketi, akaangalia sufuria za nta, nyuzi za tambi zilizoning'inizwa ukutani, kisha macho yake yakaishia kwenye mikono ya Adventina. Ilikuwa na makovu ya kuungua, madoa meupe na ya waridi kuanzia vidoleni hadi juu ya kifundo.

"Maskini, mikono yako! Kazi hii inakula ngozi. Mwanaume wako anaishikaje hiyo?"

"Alikuwa anaishika."

"Alikuwa?"

"Alikuwa," Adventina akasema, akachovya brashi kwenye rangi ya dhahabu.

Akaandika. C, kisha L, kisha A. Immaculata alisimama nyuma yake akihesabu herufi kwa kidole, akisifia.

---

Sasa uelewe vizuri ni nini kilichokuwa kinaandikwa pale.

Mwaka huo ulikuwa 1975. Adventina alikuwa na miaka ishirini na mitatu, Mhaya wa Kanyigo, aliyekuja Mwanza na meli baada ya kumaliza darasa la saba na kukosa nafasi ya kuendelea. Akapokelewa na ushirika wa akina mama wa Pasiansi waliokuwa wakitengeneza mishumaa kwa ajili ya makanisa na maduka ya kijiji. Kiongozi wao alikuwa Mama Kashindye, Msukuma mnene mwenye sauti ya kuchunga ng'ombe, mjane, asiyemwogopa mtu.

Nta iliyobaki kwenye sufuria, Adventina alikuwa anaichezea. Alichovya brashi katika nta ya moto, akachora juu ya kitambaa cheupe cha marekani, kisha akakizamisha kitambaa katika rangi nyeusi. Penye nta rangi haikuingia. Akipiga pasi juu ya magazeti ya zamani, nta inatoka, na picha inabaki nyeupe katikati ya weusi. Na kila mara picha ilikuwa ni hiyo hiyo: mshumaa. Mshumaa mkononi mwa mzee, mshumaa dirishani, mshumaa umebaki kipande.

Clavery alifika kuandika ripoti ya kazi za mikono. Alikuwa mwalimu wa uchoraji katika shule moja ya sekondari mjini, kijana wa kwao huko huko mkoani Ziwa Magharibi, shati limenyooka, maneno yamenyooka. Alipoona kitambaa kikitoka kwenye beseni la rangi, akakaa chini juu ya gunia.

"Nani kakufundisha?"

"Hakuna."

"Kesho nitakuletea vitambaa."

Akaleta vitambaa. Akaleta rangi. Akaleta na mapenzi, na mapenzi yalipokolea akaleta wazo.

"Adve, waitu," akambembeleza kwa Kihaya, "kwa sasa tuweke jina langu. Wewe huna cheti. Picha ikiwa ya mwalimu, watu watasimama kuitazama. Ikiwa ya mchemsha nta, watafungia dagaa."

"Na mimi?"

"Tukishaoana jina si litakuwa moja? Mwezi wa nane naenda Kanyigo na wazee, nikapige magoti kwa baba yako."

Akakubali. Miaka miwili akakubali. Picha zikatundikwa katika kumbi za mji, wageni wakampa Clavery mkono, naye jioni akaja Pasiansi kumsimulia Adventina jinsi walivyomsifu. Adventina alikuwa anamsikiliza huku anatabasamu, kama mke anayesimuliwa mumewe alivyopandishwa cheo.

---

Immaculata alipoondoka, Adventina alivua aproni, akaenda mjini kwa miguu hadi posta. Akapiga simu shuleni.

"Halo, naomba Mwalimu Kahigwa."

Akangoja. Akasikia viatu vyake vikija. Alivijua hata kwenye simu.

"Kahigwa anaongea."

"Clavery, ni mimi."

Kisha sauti ikawa ya ofisini.

"Ndiyo, Ndugu. Nikusaidie nini?"

"Immaculata ni nani?"

"Suala hilo linashughulikiwa, Ndugu."

"Leo nimeandika jina lako kwenye mshumaa wa harusi yako. Kwa mkono wangu, Clavery."

"Nimepokea taarifa. Ahsante kwa ushirikiano."

Simu ikakatwa. Karani wa posta akamuuliza kama anataka kupiga tena. Adventina akatikisa kichwa, akabaki ameshika mkono wa simu mpaka mtu wa nyuma yake akamwomba apishe.

---

Kesho yake alasiri Clavery alikuja. Mama Kashindye na wenzake walikuwa wamekwenda bandarini kupokea mzigo wa nta, Adventina amebaki peke yake na jiko la mkaa.

"Usinipigie tena shuleni," ndiyo ilikuwa salamu yake.

"Kaa tuongee."

"Sikai. Nimekuja kukueleza kitu kimoja ili tuachane kwa amani. Immaculata ana kidato cha sita. Anajua kuzungumza na watu. Nikisimama naye mahali, naonekana. Wewe nitasimama nawe wapi, Adve? Huko Bulgaria utawasalimia kwa Kihaya?"

"Juzi tu, siku ya Pasaka, ulisema mwezi wa nane tunakwenda Kanyigo."

"Nilisema."

"Ulikuwa unadanganya?"

"Nilikuwa nakutuliza. Mtu akichora huku analia, mistari inapinda."

Adventina akamtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Akakaza sauti.

"Sawa. Nenda na Immaculata wako. Lakini picha ni zangu. Nitawaambia."

Clavery akacheka kidogo, akaenda moja kwa moja kwenye kasha la mbao lililokuwa kwenye kona. Alijua linavyofunguliwa. Akatoa vitambaa vinne, kazi ya miezi saba, vilivyokuwa vinasubiri kupigwa pasi.

"Utawaambia kwa ushahidi gani?"

"Clavery, rudisha."

"Vitambaa nilinunua mimi. Rangi nilinunua mimi."

Akainua sufuria kutoka jikoni, akavitupa vitambaa juu ya makaa. Vilikuwa vimejaa nta. Moto ukaruka hadi karibu na bati. Adventina akarusha mkono kuchomoa hata kimoja, Clavery akamdaka kifundo cha mkono.

"Acha. Utaungua."

Alisema kwa upole kabisa. Akamshika hivyo hivyo mpaka vitambaa vikawa majivu, kisha akamwachia, akatoa leso akajifuta masizi kwenye kola.

"Nani atakuamini, Adve? Jitazame. Wewe unanuka moshi."

Akaondoka. Mama Kashindye aliporudi alianza kupiga kelele tangu barabarani.

"Nani kachoma nguo humu? Nasikia harufu tangu kule kwenye mawe!"

Akaingia, akaona kasha liko wazi, akamwona Adventina amekaa sakafuni. Akajishusha naye akaketi sakafuni, jambo ambalo kwa magoti yake lilikuwa kazi.

"Ni yule mwalimu?"

"Ndiye."

"Nyanyuka twende polisi."

"Nikaseme nini, mama? Mtu kachoma vitambaa alivyonunua mwenyewe."

"Basi lia, mwanangu. Lia leo umalize."

Lakini Adventina hakulia. Mishumaa miwili ya harusi ilikuwa bado mezani, imemalizwa, na mtu wa akina Immaculata alikuwa anakuja kuichukua. Aliinuka akaifunga kwenye karatasi vizuri.

---

Siku tano kabla ya Saba Saba ilikuja barua. Mwandiko ule ule wa ubaoni.

"Ndugu Adventina. Kamati imetoa sharti jipya. Kila aliyefika hatua ya mwisho atachora mbele ya wananchi, kwa kuwa sanaa ni kazi na kazi ionekane. Nimewaambia nina msaidizi wa kuchemsha nta. Utawasha jiko, utanipa ishara nta ikiwa tayari, na mistari ya mwanzo utaichora wewe kama vile unanijaribia brashi. Mimi nitamalizia na kuzamisha kwenye rangi. Ukinisaidia siku hiyo sitakusahau. Tukirudi kutoka masomoni Immaculata atahitaji mtu wa nyumbani, na nimemwambia wewe ni mwaminifu. Njoo na aproni safi. C. Kahigwa."

Adventina alimsomea Mama Kashindye, aliyekuwa hajui kusoma. Mama akaipokea barua akaigeuzageuza, kama anatafuta upande wenye haya.

"Mtumishi wa nyumba? Amesema hivyo kweli?"

"Amesema."

"Ichane. Usiende."

"Nitakwenda, mama."

"Adventina! Una akili? Huyu kakuchomea jasho lako, leo anataka ukamwashie jiko?"

"Anataka nimwashie jiko. Nitamwashia."

Mama Kashindye alimtazama usoni. Halafu akaanza kucheka polepole, tumbo likitikisika.

"Aproni safi nitakufulia mimi."

---

Siku ya Saba Saba ukumbi ulijaa tangu saa tatu asubuhi. Picha zilikuwa zimetundikwa pande zote: wakulima wa pamba, trekta, nyumba za vijiji vipya, na Mwenge, Mwenge, Mwenge. Kijana mmoja wa Usagara aitwaye Josephat alikuwa amechora Mwenge mkubwa kiasi kwamba mkulima aliyeushika alionekana kama sisimizi.

Katikati ya ukuta wa mbele palikuwa na kitambaa kimoja tu cheusi. Mwanamke ameshika mshumaa mkono wa kulia, wa kushoto ameuinua karibu na moto. Mwanga umepita kati ya vidole. Uso wake haukuonekana, ulikuwa gizani. Watu walipofika hapo walipunguza sauti. Chini yake kikadi: Mchoraji, Ndugu C. Kahigwa.

Mwenyekiti wa waamuzi alikuwa Ndugu Nkwabi, mwalimu mstaafu, mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alisimama mbele ya kitambaa kile, Clavery pembeni yake kwenye suti, Immaculata mstari wa mbele na wazazi wake.

"Ndugu Kahigwa, wenzako wote wamechora Mwenge. Wewe kwa nini mshumaa?"

Clavery alikuwa amejiandaa.

"Ndugu Mwenyekiti, mshumaa huungua wenyewe ili wengine waone. Ndivyo viongozi wetu wanavyoungua kwa ajili ya wananchi."

Makofi yakapigwa. Immaculata ndiye aliyekuwa wa mwisho kuacha. Nkwabi akangoja yaishe.

"Vizuri. Sasa nieleze huu mkono wa kushoto. Mtu akikinga mshumaa, anakinga upande upepo unakotoka. Moto umemlalia mama huyu, kwa hiyo upepo unatoka mbele. Lakini mkono ameuweka nyuma ya moto, upande wake mwenyewe. Anakinga nini?"

"Anakinga... moto, Ndugu Mwenyekiti."

"Dhidi ya nini?"

"Dhidi ya maadui wa maendeleo."

Watu wengine wakapiga makofi tena, lakini machache. Nkwabi akaandika kitu kwenye daftari.

"Haya. Wenzako wamekwisha kuchora, sasa na wewe tuonyeshe kazi."

Meza ilikuwa imewekwa nje, mbele ya mlango. Kitambaa cheupe kimekazwa kwenye fremu, beseni la rangi nyeusi chini, na jiko la mkaa ambalo Adventina alikuwa amekwisha kuliwasha. Amevaa aproni nyeupe iliyopigwa wanga. Mama Kashindye na wanawake wa ushirika walikuwa wamesimama nyuma ya umati.

Clavery akavua koti, akakunja mikono ya shati. Akainama karibu na Adventina kama anakagua sufuria.

"Imefika?" akanong'ona.

Adventina akanyoosha aproni yake.

"Adve. Imefika?"

"Wewe ndiye mchoraji," Adventina akasema. Hakunong'ona. Mstari wa mbele wote ulisikia.

Clavery akatabasamu kwa umati.

"Msaidizi wangu ana masihara." Kisha kwa meno yaliyofungwa: "Chukua brashi. Chora mistari ya mwanzo."

"Mimi ni wa kuchemsha tu. Ndivyo ulivyoiambia kamati."

"Tunasubiri, Ndugu Kahigwa," Nkwabi akaita.

Akachukua brashi. Akaichovya. Nta ilikuwa bado haijapata moto wa kutosha, na alipoipitisha kwenye kitambaa ikakaa juu juu, nyeupe, nzito kama uji uliomwagika. Akasugua. Ikapasuka ikadondoka.

"Ongeza moto," akamwambia Adventina.

Adventina akaongeza moto. Akapepea kwa bidii, kama mtumishi mwaminifu. Sufuria ikaanza kutoa moshi wa buluu. Mtu yeyote wa ushirika angejua kwamba hapo inaepuliwa mara moja. Clavery hakujua. Akazamisha brashi, manyoya yakasinyaa yakaungua, na nta ikadondoka kwenye kitambaa ikatambaa pande zote. Tone likamrukia mkononi. Akapiga yowe akaangusha brashi.

Nyuma ya umati Mama Kashindye akacheka kwa ile sauti yake ya kuchunga ng'ombe, na kicheko kikaenea.

"Mwalimu kaungua!"

"Mbona anashika brashi kama mwiko?"

Clavery akakikamata kitambaa akakizamisha kwenye rangi hivyo hivyo, akakitoa. Kilikuwa cheusi, na katikati kuna doa kubwa lisilo na sura. Akakinyanyua. Hakuna aliyepiga makofi.

Nkwabi alishuka ngazi taratibu. Hakumtazama Clavery. Alikuwa anaitazama mikono ya Adventina.

"Binti, hayo makovu ni ya siku nyingi?"

"Shikamoo, mzee. Ni ya miaka sita."

"Marahaba. Kuna kitambaa kingine pale. Chora."

"Ndugu Mwenyekiti, huyu ni msaidizi tu, hana hata..." Clavery akaanza.

"Nimesema achore."

Adventina akaepua sufuria, akangoja. Akadondosha tone moja pembeni mwa kitambaa. Lilikaa jeupe kidogo halafu likazama, kitambaa kikawa kinaona ng'ambo kama kimepakwa mafuta. Hapo akachukua brashi mpya. Hakuchora mistari ya penseli. Akaanza na moto, akashuka kwenye utambi, akashuka kwenye vidole. Akamaliza, akapepea nta ikauke, akakizamisha kitambaa, akakiinua kikichuruzika. Mshumaa ulikuwa pale. Mkono ule ule.

"Sasa na wewe nikuulize," Nkwabi akasema. "Mama huyu anakinga nini?"

"Hakingi moto, mzee. Anakinga uso wake." Adventina akapangusa mikono kwenye aproni. "Mdogo wangu aliugua surua. Kwetu hapakuwa na taa, mama alikuwa na mshumaa mmoja. Mtoto alikuwa anamtazama mama usoni muda wote ili ajue kama atapona. Mama akaweka mkono kati ya moto na uso wake, mtoto asione kwamba analia. Alikaa hivyo mpaka mtoto akafa."

Nkwabi akakiangalia kitambaa tena.

"Na Mwenge? Kwa nini hukuchora Mwenge?"

"Mwenge unakimbizwa, mzee. Unapita. Mshumaa unakaa na mgonjwa."

Nkwabi akavua miwani. Akaingia ndani peke yake, akatoka na kile kikadi cha ukutani. Akakata jina kwa kalamu mbele ya watu wote.

"Jina lako nani, binti?"

---

Immaculata alimkuta bombani nyuma ya ukumbi, ananawa rangi.

"Siku ile naandikisha majina, ulikuwa unajua?"

"Ndipo nilipojua."

"Ukaandika. Mkono wako haukutetemeka hata kidogo."

"Ulitetemeka. Ndiyo maana maua yalikuwa mengi vile."

"Ungeniambia!"

"Ungeniamini?"

Immaculata akafikiri. Alikuwa mkali lakini hakuwa mwongo.

"Ningekucheka," akasema.

Clavery akatokea mbio, mkono umefungwa leso.

"Imma, wazee wameondoka, njoo nikueleze. Ni mambo ya wivu tu, huyu..."

"Nieleze basi. Yule mama anakinga nini?"

"Nini?"

"Kwenye picha. Sasa hivi amesema mbele yako, watu wanafuta machozi. Rudia tu alichosema. Ukiweza kurudia, Jumamosi ile naolewa."

Clavery akafungua mdomo. Akamtazama Adventina, kama bado anangoja ishara. Adventina akaendelea kunawa.

"Anakinga... si ni mtoto? Anamkinga mtoto na..."

"Hata leo hukumsikiliza," Immaculata akasema.

Akavua pete. Hakumpa mkononi, aliitupa kwenye maji machafu ya rangi chini ya bomba, akaondoka. Clavery akapiga magoti kwenye tope jeusi kuitafuta, suti na yote, na watu waliokuja kuchota maji wakawa wanamruka.

---

Usidhani Adventina alikwenda Bulgaria. Ndugu Nkwabi alimwita siku ya tatu, akamkaribisha chai, akashindwa kuinywa ya kwake.

"Binti, nafasi inataka kidato cha nne. Nimebisha hodi kila mlango. Wamesema sheria ni sheria. Amepewa Josephat."

"Yule wa Mwenge?"

"Yule wa Mwenge."

"Hongera zake."

Zawadi yake ilikuwa cheti, khanga doti moja, na jembe. Picha ikapelekwa Dar es Salaam, na kikadi chake chenye jina lililokatwa na jina lililoandikwa juu kwa kalamu. Mama Kashindye alilichukua jembe, akasema angalau hilo lina maana.

Mwisho wa mwezi wa nane, saa tisa alasiri, Clavery aliingia pale ushirika na sanduku mkononi. Alikuwa amekonda. Amepewa uhamisho kwenda shule ya msingi kijijini, huko Biharamulo, na meli ya Bukoba ilikuwa inaondoka jioni ile.

"Nimekuja kuaga."

"Aga basi uende," Mama Kashindye akasema bila kugeuka.

"Adve, naomba dakika tano. Twende wote. Kule hakuna anayejua habari hizi. Utachora, na safari hii jina lako."

"Jina langu naliandika hapa hapa."

"Unanichukia?"

Adventina alikuwa anapitisha nta kwenye kitambaa. Aliumaliza kwanza mstari.

"Mama yako hajambo?" akauliza.

"Hajambo. Adve, nijibu." Akaweka sanduku chini. "Basi nijibu hili moja tu, maana linaninyima usingizi. Miaka miwili nilikaa kwenye hilo gunia. Kila siku niliona nta, niliona brashi. Hukuwahi kuniambia hata mara moja jinsi ya kujua kwamba nta imefika. Hata lile tone la pembeni, la kupimia nta, nililiona siku ile ya Saba Saba kama kila mtu. Kwa nini? Mtu anayependa si hufundisha?"

"Hukuuliza."

"Ungenifundisha bila kuulizwa. Ulikuwa unanipenda."

Adventina akaweka brashi mezani. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya vitambaa macho yake yalijaa, na hakuyafuta.

"Nilikuwa nalificha lile tone, Clavery. Kila nikijua unakuja, nahakikisha nta imekwisha kuwa tayari kabla hujaingia. Makusudi. Nilijiambia, huyu akijua ataondoka."

Akachukua brashi tena.

"Kumbe uliondoka hata bila kujua."

Clavery alisimama pale kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake. Kisha akainua sanduku. Mama Kashindye akamfungulia mlango, akangoja apite, akaufunga nyuma yake na kuutia komeo, ingawa ulikuwa mchana na wateja walikuwa bado wanakuja.